Diski ya Darasa la Sita

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Mwalimu Muteti wa Kiswahili ametupa kila mmoja daftari la kurasa thelathini na mbili. Tuandike shajara mpaka shule ifungwe. Nikamuuliza, tuandike nini? Akasema, "Andika unachokiona." Nikamuuliza, na siku ambayo sioni kitu? Akasema, "Kaluki, siku utakayokosa kuona kitu mimi nitaacha kazi." Darasa likacheka. Ni kweli huwa nauliza sana. Mama husema nilizaliwa nikiuliza ni saa ngapi.

Mimi ni Kaluki Munguti, miaka kumi na miwili, darasa la sita, hapa Kitengela. Baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Athi River. Mama anauza mboga karibu na stendi. Mwalimu anajua haya yote lakini shajara haijui.

Jumanne, 9 Septemba

Joto. Nilipata diski saa nne, nikaipitisha kabla ya saa sita.

Jumatano, 10 Septemba

Nimesoma nilichoandika jana nikaona hakieleweki. Diski ni kipande cha mbao cha duara, kinatosha kiganja, kimetobolewa tundu na kufungwa kamba ya katani. Ndani ya ua wa shule yetu kila mtu lazima aongee Kiingereza. Kiswahili ni wakati wa somo la Kiswahili tu, na lugha ya nyumbani hakuna kabisa. Ukisikiwa, aliye na diski anakupa. Na wewe unaificha mfukoni, unatafuta wa kumpa. Kengele ya jioni ikilia nayo iko kwako, umelala nayo. Asubuhi Ishmael, kiranja wetu, anaandika jina lako kwenye daftari lake, unachapwa viboko vitatu na kuosha vyoo.

Muhula huu Madam Roda, mwalimu mkuu, ameongeza kitu kingine. Atakayelala nayo mara tano, mwaka ujao hatakuwa na nafasi hapa. Atatafuta shule nyingine.

Najiuliza, mbona asubuhi diski haina haraka, na saa tisa kila mtu anakuwa mwindaji?

Ijumaa, 12 Septemba

Kuna msichana mgeni, Simel. Babake, mzee Saning'o, ana ng'ombe mbali huko upande wa Ilbisil, na Simel anakaa hapa kwa shangazi yake. Ni mrefu kuliko Ishmael. Amelala na diski mara mbili na wiki haijaisha. Kiswahili chake ni kidogo na Kiingereza chake ni kidogo zaidi, lakini Kimaasai kinamtoka bila kuitwa.

Rafiki yangu Fosiya ananiambia babake Simel amesema akifukuzwa hapa, arudi akachunge ndama, mambo ya shule yaishe. Fosiya anajua kwa sababu babake, mzee Jeylani, hununua mbuzi kwa mzee Saning'o.

Alhamisi, 18 Septemba

Simel, mara ya tatu. Nzau wa darasa letu alimkanyaga kidole makusudi ili alie kwa Kimaasai.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo nimefanya jambo na sijui niliandikeje. Nilikuwa na diski tangu saa sita. Saa tisa na nusu bado ilikuwa mfukoni, na mimi tayari nina usiku mmoja kwenye daftari la Ishmael. Watu wote walikuwa wamefunga midomo. Nikamwona Simel karibu na tangi la maji, peke yake, anafunga kamba ya kiatu. Nikapita nyuma yake nikasema polepole, "Sopa."

Akajibu, "Ipa."

Mmaasai akisalimiwa anaitikia, hata akiwa usingizini. Tunajua wote. Ndiyo maana nilimsalimia. Aligeuka akaona diski mkononi mwangu, akaichukua, akaivaa shingoni mwenyewe. Hakunikasirikia. Ingekuwa rahisi kama angenikasirikia.

Hiyo ni mara ya nne.

Jumatatu, 29 Septemba

Simel hajasema neno lolote leo. Wala Kiingereza.

Ijumaa, 3 Oktoba

Walimu wa shule za serikali wamegoma, watoto wao wanapita nje ya ua wetu wakiongea wanavyotaka. Tuliwaangalia kupitia ua wa michongoma. Mmoja akatuuliza, "Nyinyi mko jela?" Hakuna aliyejibu kwa sababu hatukujua diski iko kwa nani.

Simel bado. Nimehesabu siku tano za shule. Mwalimu wa hesabu akimwita, anaenda ubaoni, anaandika jibu, anarudi. Jibu huwa sawa. Ningetaka sana kujua mtu asiyeongea anafikiria nini siku nzima.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua imeanza. Baba amesikia kwenye redio kwamba inaitwa El Nino. Mama anauliza kwa nini mvua ipewe jina kama mtoto.

Hapa nyumbani pia kuna sheria. Baba alirudi kutoka mkutano wa wazazi akatangaza tutaongea Kiingereza mezani. Chake ni cha kiwandani. "Kaluki, bring salt. Good. Finish." Mama alikaa nacho siku mbili, kisha akasema kwa Kikamba, "Mimi sina hicho, basi nitanyamaza." Sasa tunakula tukisikiliza mabati.

Jioni hii Mama alikuwa nyuma ya nyumba akiwaita kuku kwa Kikamba kama kawaida yake. Mkono wangu ukaingia mfukoni. Wenyewe! Ulikuwa unatafuta diski nimpe mama yangu. Diski haikuwepo, ilikuwa kwa Nzau. Nilisimama pale na mkono mfukoni nikaona aibu mbele ya kuku.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimegundua kitu! Niandike polepole nisikiharibu.

Leo koo linauma, sauti haitoki. Asubuhi na mapema Nzau akanishika nikiguna kwa Kikamba, akanipa diski. Sikuwa na nguvu ya kuwinda mtu. Nikaivaa shingoni, nje ya sweta, kila mtu aone, nikakaa kwenye dawati. Mwanzo watu walinikimbia. Saa nne walikuwa wameona simfuati mtu. Saa sita mwenzetu Kafiya alikuwa anamwambia Fosiya habari ndefu kwa Kisomali huku wakicheka, mbele yangu. Saa nane darasa zima lilikuwa kama soko.

Diski haiwezi kumfikia mtu isipopitishwa. Sheria inasema ukikamatwa utapewa. Haisemi popote kwamba mwenye nayo lazima akamate.

Nimelala nayo, mara yangu ya pili. Viboko vitatu kesho. Lakini kwa karibu siku nzima hakuna mtu aliyeogopa. Nani mwingine amewahi kuona hilo?

Alhamisi, 23 Oktoba

Tuko sita kwenye mpango: mimi, Fosiya, Kafiya, Nzau na wengine wawili ambao hawataki waandikwe. Diski itazunguka kati yetu tu. Asubuhi mwenye nayo anamfuata anayepokea zamu, huyo anasema neno moja la nyumbani, anapewa. Kila mmoja ataishia mara nne. Tumekubaliana hatukamati mtu mwingine yeyote.

Nzau aliuliza, "Na mimi napata nini?" Fosiya akamwambia, "Wewe ulimkanyaga mtu kidole. Unapata nafasi ya kunyamaza." Akanyamaza.

Sababu ya mpango ni Simel. Sikuwaeleza kwamba sababu nyingine ni ile Ijumaa ya tangi la maji. Fosiya anaijua, nadhani. Alinishika mkono tu akasema, "Haya, abaayo," ambayo kwao ni dada.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Diski kwa Kafiya. Ishmael anatutazama sana.

Jumatano, 29 Oktoba

Simel ameongea!

Mapumziko tulibanwa darasani kwa ajili ya mvua. Ishmael alipita mlangoni na mwendo wake ule wa mabega. Simel, aliyekuwa dirishani, akasema neno moja la Kimaasai. Nzau ndiye aliyekuwa na diski leo. Akaifunika kwa kiganja akatazama juu kwenye mabati.

Nikamuuliza Simel, "Umesema nini?"

Akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu ni ile ngombe inatembea mbele, na njia haijui."

Tulicheka mpaka Kafiya akakaa chini. Kisha likatoka lote. Kumbe mwezi mzima wa kunyamaza alikuwa anatupa sisi majina ya ng'ombe! Kwao kila rangi ya ng'ombe ina jina lake, na yeye ametupanga darasa zima kama boma. Fosiya ni mugie, rangi ya kahawia iliyoiva. Mimi ni arus, wa mabaka meupe na meusi, kwa sababu sweta langu lina wino kila mahali. Mwalimu Muteti ni fahali mzee asiyepiga mtu. Samahani, mwalimu, ulisema niandike ninachokiona.

Niliuliza, "Na Madam Roda?"

Akafikiri. "Hiyo sijaona rangi yake bado."

Jumatatu, 3 Novemba

Shule imefungwa wiki nzima. Mto umepanda juu ya daraja na udongo mweusi unashika viatu kama gundi. Mama hauzi kitu. Tunakaa.

Alhamisi, 6 Novemba

Tunakaa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwuliza Mama kwa Kikamba kwa nini anaongea na kuku kuliko mimi. Baba hakuwepo. Akasema, "Kuku wananijibu." Aliendelea kuchambua maharagwe. Halafu akasema, "Siku hizi nikikuita unashtuka kwanza, ndiyo unakuja."

Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Jumatatu, 17 Novemba

Hesabu. Shule inafungwa Ijumaa. Zimebaki siku nne za kulala na diski kabla ya siku ya kufunga. Nafasi zilizobaki kwetu: Kafiya moja, Nzau moja, mimi moja, Fosiya moja. Inatosha kabisa, hakuna hata moja ya ziada.

Jumanne, 18 Novemba

Nzau amelala nayo. Jana ilikuwa Kafiya.

Jumatano, 19 Novemba

Mimi, mara ya nne. Fosiya hakuja leo. Kesho ni zamu yake.

Alhamisi, 20 Novemba

Ninaandika jikoni, Mama ananisubiri kwa chai. Nitaandika yote.

Asubuhi Fosiya hakuja tena. Kafiya akaleta habari: mzee Jeylani alikuwa amepeleka mbuzi Ngong, akaenda na familia yake wamwone shangazi wa Fosiya, barabara ikakatika, wamekwama huko. Diski iko kwangu. Nikilala nayo leo ni mara ya tano.

Nzau akanivuta kando. "Kaluki, shika mtu. Mtu yeyote. Si wanaongea tu hapo, hawaogopi."

"Tulisema hatukamati."

"Tulisema, lakini wewe utaenda wapi? Babako atakuua."

Ni kweli walikuwa wanaongea. Msichana wa dawati la mbele alikuwa ananisimulia kwa Kikuyu na Kiswahili jinsi mafuriko yalivyobeba choo chao, mikono juu, macho makubwa, na mimi nina diski mfukoni. Ningemnyooshea tu. Angelala nayo mara moja, viboko vitatu, basi. Lakini nikafikiria uso wake ungekuwaje. Na kesho nani angemsimulia mwenzake kitu? Nikamuuliza choo kilifika wapi.

Saa tisa Simel akaja mbele ya dawati langu, akanyoosha mkono.

"Nipe mimi."

"Wewe uko na nne."

"Hata wewe uko na nne. Mimi nyumbani niko na kazi, ngombe iko. Wewe uko na nini? Sukumawiki ya mama?" Alitabasamu, mkono bado umenyooka. Kisha akaanza kuongea Kimaasai kwa sauti kubwa, nimkamate, ili nilazimike. Ishmael alikuwa mlangoni.

Niliificha diski mgongoni nikasema, "Sijasikia kitu." Ishmael akasema kwa Kiingereza kwamba yeye amesikia. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba diski haiko kwake, iko kwangu, na sheria inasema mwenye diski ndiye husikia.

Kengele ikalia. Mara ya tano.

Nikaamua kwenda mwenyewe kwa Madam Roda, nimwambie ukweli kuhusu tangi la maji, nimwombe anitoe mimi, Simel abaki, na asinitoe kwa ubaya. Nilipanga maneno yote kwa Kiingereza njiani, nikayarudia mara tatu. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi nusu.

Madam Roda alikuwa amepiga magoti sakafuni. Kwenye kiti chake alikaa bibi kizee, kanga kichwani, gunia la vitunguu pembeni, miguu yake ndani ya beseni. Madam alikuwa anamwosha matope. Na alikuwa anaongea Kikamba. Si Kikamba cha kujaribu, Kikamba cha ndani kabisa, kile cha susu yangu, yaani nyanya, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akimwita mwaitu, yaani mama. "Lete huo mwingine, mwaitu. Maji si moto? Umetoka Illasit mpaka hapa na miguu hii!"

Mkono wangu ukaingia mfukoni, ukatoka, ukanyooka.

Naapa sikuuambia. Akili ilikuwa bado inapanga Kiingereza. Nilipotazama, diski ilikuwa inaning'inia kwenye vidole vyangu mbele ya uso wa mwalimu mkuu, na yeye ameinua macho.

Nilitaka sakafu inimeze. Nikataka kuurudisha mkono lakini ulikuwa umeganda.

Ni bibi aliyeongea kwanza, kwa Kikamba. "Huyu ni mtoto wa nani?"

Susu wa watu akikuuliza unajibu. Nikajibu kwa Kikamba, "Ni mimi Kaluki, wa Munguti na Kavata."

Akaichukua diski mkononi mwangu. Akaigeuza, akaipima kwa kidole gumba. "Roda, si hii ni ile?"

"Si ile, mwaitu. Hiyo ni ya shule hii."

"Yako ilikuwa mfupa wa ng'ombe." Alinigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza. "Alikuja nayo nyumbani shingoni. Akaifukia kwenye shamba la vitunguu. Siku tatu hakuniita. Nikimwita, haitiki. Nilidhani mtoto wangu amerogwa."

Mikono ya Madam Roda ilikuwa ndani ya maji, imesimama. Bibi akacheka kidogo, akamgusa kichwa, akasema maji yanapoa.

Madam akaniambia kwa Kiingereza, bila kuniangalia, "Leave it on the table."

Nikauliza na kesho itakuwaje, kwa sababu mimi siwezi kukosa kuuliza.

"Go home, Kaluki."

Nimefika nyumbani nimelowa. Nimemwambia Mama yote, kwa Kikamba, tangu tangi la maji. Nililia nilipofika kwa Simel. Nilipofika kwa mkono alijifunika uso kwa leso. "Ulimpa mwalimu mkuu?" Mabega yalikuwa yanacheka. Baba alikuwa mlangoni anavua viatu, sikujua amesikia kiasi gani. Akakaa. Akasema kwa Kikamba, mara ya kwanza tangu ule mkutano, "Hebu rudia hapo kwa mkono."

Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama Simel ni mtoto wa watu wazuri. Sijui kama kesho nitakuwa na shule.

Ijumaa, 21 Novemba

Gwaride la kufunga. Mvua imesimama. Ishmael alifungua daftari lake akauliza kwa sauti, diski ya darasa la sita iko kwa nani? Nilihisi Simel nyuma yangu anasogea mbele, nikamshika sketi.

Madam Roda akafungua mkoba wake akatoa diski.

"I slept with it," akasema. "Write."

Ishmael akauliza, "Write what, Madam?"

"My name."

Shule nzima ilisikia kalamu. Ishmael alitafuta mstari, akaandika, akatazama alichoandika. Madam hakueleza. Hakusema diski imekwisha wala haijaisha, alisema tu kwamba muhula ujao tutaona, akairudisha mkobani. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini, akimenya chungwa. Mwalimu Muteti alikuwa anatazama viatu vyake na mdomo wake ulikuwa unacheza.

Nilimfuata Ishmael nikaomba nione daftari. Mimi mara nne. Simel mara nne. Chini kabisa, Madam Roda, mara moja.

Mwalimu Muteti, nitakukabidhi daftari hili shule ikifunguliwa. Ukurasa wa tarehe 23 Oktoba, wenye mpango wetu, usimwonyeshe mtu.

Limebaki jambo moja. Tulipokuwa tunatoka langoni, Simel alikuwa mbele na begi kichwani, shangazi yake anamngoja. Alisimama, akageuka. Bado tulikuwa ndani ya ua.

"Sopa, arus," akaniita, mbele ya watu wote.

Mkono wangu ukaingia mfukoni. Niliuona unaingia. Haukukuta kitu, kipande cha kalamu tu, nikautoa mtupu, nikauinua juu ili auone.

"Ipa," nikasema.